Hamu Isiyo Yake

Asubuhi hiyo Nietiwe alichagua tope. Alikuwa amechagua tope jana, na juzi, na karibu mwaka mzima uliopita, kiasi kwamba Mlezi alipouliza kutoka juu ya rafu, kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa redio, "Nietiwe, leo unataka kujua nini?", baba yake, Senzota, alijibu kimoyomoyo kabla binti hajafungua kinywa.

"Tope," alisema Nietiwe, mdomo umejaa kiazi.

"Tope lipi?"

"Lile jekundu la chini ya mfereji. Lile jeusi nimeshalimaliza."

"Vizuri. Ukihitaji msaada, niite." Taa ndogo ya kijani ikafifia, na Mlezi akarudi kuwa kile kisanduku chake, kikubwa kama pasi ya mkaa, kimya kati ya kopo la chumvi na chupa ya mafuta.

Nietiwe alifuta mikono kwenye gauni, akaivuta bangili yake ya mpira juu ya kifundo isije ikalowa, akatoka mbio. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Paa la jiko lote lilikuwa limejaa vidonge vya tope alivyovianika kwa safu, chini ya turubai la jua linalowapatia umeme, na Senzota alikwisha kumfuma akivilamba kimoja kimoja ili avilinganishe.

Tangu mlima uporomoke na kuifukia barabara pamoja na shule ya Ikuva, siku ya Jumapili, bahati njema, watoto wa huku juu Upareni walisomea nyumbani. Serikali ilipandisha Walezi kwa gari la waya, mmoja kwa kila nyumba, na sheria moja ikapanda pamoja nao: mtoto achague mwenyewe. Mzazi haruhusiwi kupanga ratiba wala kusema leo tunafanya hesabu. Kazi ya Mlezi ni kuuliza, kujibu na kusubiri. Kazi ya mzazi ni kupika na kufunga mdomo, na katika hizo mbili Senzota aliiweza ya kupika tu.

Na si kwamba aliichukia sheria. Aliipigia makofi. Yeye alisomeshwa kwa fimbo, na mpaka leo akiona ramani ya Afrika kiganja kinamwasha. Aliapa mwanawe hatajifunza kitu kwa woga. Ila hakuna aliyemwambia kwamba woga ule ungehamia kwake.

"Baba Nietiwe, umeamkaje?" Mama Elinazi, jirani yake, alikuwa ameegemea uzio. "Elinazi wangu kamaliza sehemu zote, baba. Sehemu, desimali, asilimia. Namwambia mwanangu njoo ule, ananiambia mama, moja tu la mwisho!"

"Anaomba mwenyewe?"

Mama Elinazi akacheka, kisha akashusha sauti. "Nimemsukuma kidogo. Ngazi ya pili tu. Usinitolee macho hivyo, kila mtu anafanya. Wewe mngoje Mwalimu Mrutu apande wiki ijayo amkute mwanao anakula udongo kama mjamzito."

Aliondoka akicheka, na hakuwa na ubaya wowote, lakini Senzota alibaki pale na mwiko mkononi. Mwalimu Mrutu alipanda mara moja kwa mwaka kuwapima watoto: kusoma, hesabu, na kueleza jambo. Mwaka jana Nietiwe alisoma vizuri, na ilipofika zamu ya hesabu alimwambia mwalimu, kwa adabu zote, kwamba hataki. Akahesabiwa ameanguka. Mtoto akianguka mara ya pili hakuna mjadala tena, hushushwa tambarare akakae bweni, na wazazi humwona likizo. Senzota alijaribu kuifikiria nyumba yake bila vile vidonge vya tope juu ya paa, akashindwa kuendelea.

*

Sura ya Namkunda, mkewe, ilitokea kwenye kioo cha simu cha ukutani, kofia ya kazi kichwani. Alikuwa kwenye kiwanda cha betri kule chini, na nyumbani alipanda kila mwisho wa mwezi.

"Usiguse, Senzota."

"Sijasema nitagusa."

"Nakujua mume wangu. Ukianza kunisifia chakula cha kiwandani najua una jambo." Aliivua kofia. "Tulikubaliana. Hamu ya mtoto hatuigusi."

"Na wakimchukua?"

Namkunda aligeuka kutazama nyuma. Nyuma yake king'ora cha zamu kilikuwa kinalia.

"Wakimchukua tutalia," alisema. "Lakini tutakuwa tunamlilia yeye. Ukimsukuma, sijui tutakuwa tumebaki na nani."

Yalikuwa maneno mazuri, na Senzota aliyakubali yote. Kisha mkewe akarudi kazini, nyumba ikawa kimya, na maharage yakaanza kuchemka. Kwa mlango ulio wazi alimwona Nietiwe mbali, chini ya mfereji, amelala kifudifudi amepachika jicho kwenye ufa wa udongo. Mtoto wa watu hakujua kabisa kwamba kuna mtu anahesabu siku kwa ajili yake.

"Mlezi," Senzota aliita. "Nifungulie msukumo."

Taa ya kijani ikageuka njano.

Bangili ile, kazi yake ya kwanza ilikuwa kusikiliza. Ilisikiliza mapigo, jasho na joto la ngozi, ikajua mtoto anavutwa na nini kabla yeye hajajua, na hivyo Mlezi akaweza kumjibu vizuri. Lakini waliotengeneza sikio walitengeneza na mdomo. Bangili iliweza pia kuutekenya mshipa wa mkono, taratibu, bila maumivu, na ubongo ukapata ule utamu ambao mtu huupata akitegua kitendawili. Ukiupata utamu huo kila unapoona namba, unazipenda namba. Ndiyo hadithi yote. Ngazi mbili za mwanzo ziliachiwa wazazi. Kuanzia ya tatu, mtoto lazima aelezwe na akubali.

"Somo lipi?" Mlezi aliuliza.

"Hesabu."

"Ngazi?"

Alitaka kusema mbili. Kisha akaona vitanda vya chuma vya bweni, vimepangwa mstari, ingawa hakuwahi kuingia bweni lolote maishani mwake. "Tano."

"Mtoto ameelezwa na amekubali?"

Mlezi alitengenezwa kuwasoma watoto. Uongo wa watu wazima hakuwa na macho nao.

"Ndiyo," alisema Senzota, akageuka kukoroga maharage.

*

Nietiwe aliamka akauliza kama kuna mtu anayejua pipa moja lina ndoo ngapi.

Siku ya kwanza Senzota aliona haya kumtazama. Siku ya pili alianza kuzoea. Siku ya tatu, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha. Mtoto alikaa mezani na Mlezi tangu chai mpaka chakula cha mchana, akigawa mapipa kwa ndoo, ndoo kwa vikombe, vikombe kwa watu, akipiga meza kila alipopata jibu. Na akili anayo! Mambo ambayo Elinazi aliyasotea miezi, yeye aliyapita kama anayeruka madimbwi. Senzota alijikuta akipita karibu na uzio mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akitafuta mtu wa kumsalimia.

"Baba, zamani nilikuwa sijui kwamba napenda hesabu," Nietiwe alimwambia wakimenya ndizi. "Imekuja tu."

"Mambo mengine huja tu, mama."

"Mbona haikuja polepole? Tope lilikuja polepole."

Senzota akasema maji ya ndizi yanachafua nguo, asogee.

Mvua ndogo ikanyesha, vidonge juu ya paa vikalowa, vikabomoka, vikateremka ukutani kwa michirizi myekundu na myeusi. Nietiwe alitoka nje, akavitazama kwa muda, akakunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akarudi mezani kwenye mapipa yake. Usiku huo Senzota hakula, na Namkunda alipopiga akamwambia mtandao ni mbaya.

Asubuhi ya kupimwa ilikuwa na ukungu mzito. Mwalimu Mrutu aliteremka kwenye gari la waya akipiga chafya, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira, na kila nyumba aliyoingia aliomba maji ya moto kabla ya salamu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Nietiwe.

"Marahaba, mwanangu. Mwaka jana ulinikatalia. Mwaka huu?"

"Sitakukatalia. Naruhusiwa kuvua bangili?"

Senzota alikuwa anammiminia mgeni chai. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika kwenye sahani.

"Ruksa," alisema Mwalimu Mrutu. "Kwani inakubana?"

Nietiwe aliivua, akaiweka mezani katikati yao. Mwalimu akamsogezea swali la kwanza kwenye kibao. Mtoto akalifanya, bila haraka, akalipata. La pili akalipata. La tatu akalitazama, akaweka kalamu chini.

"Ninajua kulifanya," alisema. "Lakini hapa sasa silitaki. Subiri." Akaivaa bangili. Macho yakamchangamka pale pale, mkono ukaifuata kalamu wenyewe, na ilikuwa dhahiri kwamba alilazimika kuuzuia kwa mkono wa pili. Akaivua tena. "Umeona, mwalimu? Jana niliivua nikaoga, nikafikiria mapipa, hayakuwa na ladha. Nikavaa, yakawa matamu. Nikavua, yakaisha. Nimerudia sana ili nisiwe nasema uongo. Nikajaribu na tope. Tope nikivaa linakuwa kama mboga isiyo na chumvi, nikivua linarudi, ila sasa haliji lote." Akameza mate. "Mwalimu, mimi naumwa? Kichwa changu kimeharibika?"

Mwalimu Mrutu aliichukua bangili, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akamtazama Senzota kwa utulivu, muda mrefu.

"Bangili hizi wakati mwingine huleta hitilafu," alisema. "Unyevu wa huku juu. Baba Nietiwe, tukisema ni hitilafu, nitamletea nyingine, na hesabu alizozifanya bila bangili zinamtosha kupita. Anabaki nyumbani. Wewe unasemaje?"

Senzota hakujua kama mwanamke yule alikuwa anamtega au anamwokoa. Alichojua ni kwamba mlango ulikuwa wazi na ulikuwa mpana. Neno moja, na mwanawe abaki. Akamtazama Nietiwe. Mtoto alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, kwa tahadhari, kama anayekagua yai lisiwe na ufa, akingoja kuambiwa kama ni kibovu. Angeishi na shaka hiyo. Angekuwa mtu mzima, apende kitu, na ajiulize kama kichwa chake kinamdanganya.

"Si hitilafu," alisema. "Bangili ni nzima. Mtoto ni mzima. Ni mimi, mwalimu. Nilimsukuma ngazi ya tano. Nikasema amekubali, na hata sikumwambia."

Mikono ya Nietiwe ikashuka polepole.

"Wewe ndiye uliyefungua?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenye zamu yangu?"

Hapa Ikuva hata mtoto anayetambaa anajua maana ya swali hilo. Juu ya kijiji kuna ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungua maji yakamwagilie shamba. Mtu akikosa mbegu ataazimwa. Akiiba kuku atatukanwa, yaishe. Lakini anayefungua ndiva kwenye zamu ya mwenzake, huyo watu humpigia pembe, akasimama ukingoni akasema kwa kinywa chake alichofanya, kisha akazoa tope la ndiva peke yake mpaka chini kuonekane.

"Kwenye zamu yako," alisema Senzota, na aliona aibu, aibu ya kweli.

Mwalimu Mrutu alipuliza pua. "Basi matokeo ya leo yamefutika," alisema. "Kwa sheria ninaweza kumshusha leo leo. Au Mlezi afungwe kwa wazazi, ufunguo wa msukumo akabidhiwe mtoto mwenyewe, nami nirudi baada ya masika kumpima upya. Sichagui mimi, wala wewe Baba Nietiwe. Nietiwe, kuna bweni, na kuna hapa. Bweni si jela, mwanangu. Kuna watoto wengi wanaocheka kule."

Senzota alikaza macho kwenye sahani iliyojaa chai. Ilimchukua nguvu zake zote asiseme neno, asipumue hata kwa namna ya kumshawishi. Alisikia mwanawe akivuta kiti nyuma, akienda mlangoni, akirudi.

"Nitabaki," alisema Nietiwe. "Lakini alipe ya ndiva."

*

Kesho yake pembe ikapigwa. Watu wakaja na majembe yao wakidhani ni msaragambo, kazi ya wote, wakaambiwa waweke majembe chini wasikilize tu. Senzota alisimama ukingoni akasema. Alisema ngazi, alisema uongo aliomwambia Mlezi, alisema na ule aliomwambia mkewe kuhusu mtandao, kwa sababu Namkunda alikuwa amepanda na gari la asubuhi na alisimama mstari wa mbele mikono kifuani. Alipofika kwenye msukumo wenyewe, wazazi kadhaa walianza kuangalia miguu yao. Mama Elinazi alitazama mlima wa pili, na jioni watu walimsikia akimwita mwanawe ndani kwa sauti ndogo, wakae wazungumze.

Kazi ya tope ikaanza. Namkunda alimletea chakula, akakiweka ukingoni, akaondoka. Siku iliyofuata aliketi mpaka akamaliza kula. "Bado nimekukasirikia," alimwambia. "Ila ulisema." Akachukua sahani.

Lililomuumiza Senzota halikuwa jembe. Nietiwe alikuwa ameupokea ufunguo ule na kuamuru misukumo yote ishushwe mpaka sufuri, na hamu ya mapipa ikaondoka kama mgeni aliyefukuzwa, lakini hamu ya tope haikurudi kuketi mahali pake. Mlezi alipouliza anataka kujua nini, Nietiwe alisema hajui. Kesho yake, hajui. Alizunguka uani, akarusha mawe, akalala mchana. Akamwambia mama yake anaogopa kupenda kitu kwa sababu hajui kimetumwa na nani. Senzota aliyasikia hayo akiwa nje ya dirisha na ndoo mkononi. Akaiweka ndoo chini, akalia.

Zamani angetafuta cha kufanya. Angeleta kitabu, angeacha udongo mzuri mahali pa kuonekana, kana kwamba umedondoka tu. Safari hii hakuacha kitu. Alirudi ndiva akazoa.

Siku zikapita hivyo, mpaka akafikia tabaka la chini, tope la kijivu, zito, lenye changarawe nyeupe ndani yake. Alikuwa amelirundika ukingoni alipoona kivuli cha mtu juu ya rundo. Nietiwe alikuwa amechuchumaa. Hakugusa. Alitazama tu, kichwa upande.

"Hizi nyeupe si za huku," alisema baada ya muda. "Huku kwetu mawe yote meusi."

Senzota akafungua mdomo, akaufunga.

"Maji yamezitoa mahali." Mtoto alichukua changarawe moja, akaivingirisha kati ya vidole, akaitia mfukoni. Kisha akainuka, akatazama mfereji unavyopanda na kupotelea kwenye ukungu, akakimbia kuelekea nyumbani. Senzota alimsindikiza kwa macho. Akajisemea moyoni basi, mtoto ameshachoka, na si neno, siku nyingine. Akarudi kwenye jembe.

Nietiwe alirejea akihema, ameburuta kamba yote ya kufungia ng'ombe, mafundo kila hatua.

"Baba, toka humo. Njoo unishikie huku mwisho."

Senzota alipanda ukingoni na matope mpaka mapajani. Akaipokea kamba. Maswali yalimjaa kooni: unakwenda wapi, mafundo haya umeyapima kwa nini, hii ni hesabu au ni mchezo, itatosha kwa Mwalimu Mrutu masika ikiisha? Akayameza moja baada ya jingine, na hayakuwa matamu.

Mtoto alikuwa ameshaanza kupanda kando ya mfereji, kamba ikimfuata, akihesabu kwa sauti, akisimama, akiinama kuchungulia majini, akiendelea. Ukungu ukamfunika miguu, kisha mgongo, kisha wote. Ikabaki kamba tu, inatembea yenyewe kwenye majani. Halafu ikakaza, na moyo wa Senzota ukakaza nayo. Aliirudisha upande wake kidogo bila kukusudia.

"Usivute, Baba!" sauti ilitoka juu, kali, ya mtu aliyeingiliwa kazini. "Shikilia tu!"

"Sivuti!" alijibu, na akailegeza mikono, akashikilia.